Damu ya Namba Arobaini na Moja

Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika chumba cha darubini ni kukaa. Mzee Feruzi alinivutia kigoda karibu na dirisha, akaniambia nisiguse chochote, nimtazame tu anavyofanya. Nilimtazama hivyo wiki tatu. Darubini yenyewe ilikuwa ya shaba, iliachwa na Wadachi, yaani Wajerumani, vita vilipokwisha, nayo haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kukamata mwanga wa jua, kwa hiyo siku ya mawingu tulifagia chumba na kupika chai. Ninyi vijana mliozoea kunisikia nikiwagombeza kwa kuacha taa ya darubini ikiwaka bure, sasa mnajua ugomvi wangu ulianzia wapi.

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Vyeo na mishahara sitavitaja, havikuwa vya kutajwa. Nitaandika juu ya vioo vya damu, msumari mmoja, na mtu mmoja niliyemwonea wivu miaka mingi, tena wivu wa kweli, ule wa kumfanya mtu asione ladha ya chakula chake.

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa Gongoni, hapa Tabora. Baba yake aliingia Tabora na msafara kutoka Manyema, amebeba mzigo wa mtu, akautua na hakuubeba tena. Feruzi mwenyewe alijifunza damu wakati wa vita, akimbebea daktari wa Kidachi sanduku la darubini hiyohiyo kutoka kambi hadi kambi. Barua hakujua kusoma. Alitazama kioo, akamtamkia karani, karani akaandika. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba tone la damu kwenye kipande cha kioo likiachwa wazi mezani likauke, inzi hulilamba, kisha wewe unatazama kioo kitupu na kuandika kuwa mgonjwa hana kitu. Alinifundisha kuchanganya rangi kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu yaliiharibu na kufanya kila uchafu ufanane na kijidudu. Alinifundisha kuhamisha kioo mahali mia moja kabla ya kutamka kuwa hakuna.

"Ukisema yupo, umemwona," aliniambia. "Ukisema hayupo, umechoka tu kumtafuta."

Lenzi aliifuta kwa kipande cha hariri, mabaki ya kilemba cha baba yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Nilijiambia kwamba siku Mzee atakapostaafu kipande kile kitakuwa changu, nikangoja miaka tisa.

Sasa niwaeleze majibu yalivyosafiri. Mgonjwa akilazwa alivalishwa shingoni kibati chenye namba. Dresa wa wodi alimtoboa kidole, akaweka damu kwenye kioo, akakwaruza namba pembeni, na kioo kikaletwa kwetu. Sisi hatukumwona mgonjwa, naye hakutuona. Tuliandika jibu kwenye kijikaratasi, tarishi akakipeleka ofisini, karani akakichoma kwenye msumari uliosimama mezani kwake. Karatasi mpya ilikaa juu, ya zamani ikazama chini. Bwana Mganga, Mwingereza mwenye haraka, alisoma za juu. Za chini zilisomwa siku msumari ulipojaa, na wakati mwingine jibu lilikuta mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Mgonjwa akiuliza anaumwa nini, jibu letu sote, kuanzia dresa hadi mfagizi, lilikuwa moja: "Utaambiwa."

Mwaka wangu wa saba akaja Ambrosi. Alitoka Morogoro, akasomea misheni, akapitia Dar es Salaam alikofundishwa darubini kwa kitabu. Koti lake lilipigwa pasi hadi mifukoni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba karani alizitazama kwanza karatasi zake kabla ya kuzichoma, kana kwamba anazionea huruma. Ningependa kuwaambia kuwa alikuwa mzembe. Nilimchunguza kama nilivyofundishwa kuchunguza damu, mahali mia moja, na uzembe sikuuona. Mzee Feruzi, ambaye kwangu alitoa neno moja asubuhi na jingine wakati wa kufunga, kwa Ambrosi alicheka. Alimsimulia habari za vita ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwao, nimeinamia kioo, nikisikiliza hadithi ambazo hazikuelekezwa kwangu, na nilichukia hata namna Ambrosi alivyosema, "Ehe, mzee, halafu?"

Siku Mzee alipostaafu alitupa mkono wa kwaheri sote wawili, kisha akatoa mfukoni kile kipande cha hariri akamkabidhi Ambrosi.

"Wewe una mikono mikavu," alimwambia.

Mikono yangu hutoka jasho, ni kweli. Lakini nilikuwa nimengoja miaka tisa. Ambrosi aliona uso wangu, akanifuata nje.

"Ndugu Yakobo, tutakitumia wote," akasema.

Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikuwa mwema. Mtu mbaya ningemchukia kwa raha zangu.

Baada ya hapo Bwana Mganga alitupanga kwa zamu. Mimi nilitazama damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Ambrosi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Aliyekuwa hana zamu alipima choo na mkojo katika chumba cha nyuma, na hewa ya chumba kile haikumsaidia mtu kupunguza chuki.

Ndipo akaja namba arobaini na moja. Kioo chake kililetwa Jumatatu pamoja na maelezo mafupi ya dresa: mwanamume, homa, anasinzia mchana, ametoka Usinge. Usinge ni msitu na mbung'o, na warina asali wanaoingia humo mara nyingine hutoka na malale. Niliweka kioo, na kabla sijafika mahali pa kumi nikawaona, vijidudu vyembamba vilivyojipinda kati ya chembe za damu. Nikaandika: wapo.

Jumanne Ambrosi akaandika: hakuna. Lenyewe hilo halikuwa ajabu. Vijidudu vya malale hujaa leo na kesho usivione, ndiyo maana mgonjwa alipimwa siku sita. Jumatano nikawaona. Alhamisi Ambrosi hakuwaona. Ijumaa walikuwa wengi mno hata nikacheka peke yangu. Jumamosi Ambrosi alikaa na kioo kile saa nzima, akaifuta lenzi mara nne kwa hariri yake. Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua mwavuli wangu.

"Ndugu Yakobo, hebu nitazamie," akasema.

Niliinama nikatazama. Nilihamisha kioo mahali thelathini au arobaini, na damu ilikuwa safi kama ya mtu anayelima. Nikasimama.

"Leo si zamu yangu," nikamwambia, nikachukua mwavuli.

Kabla ya saa sita tuliitwa ofisini. Kwa bahati, au kwa bahati mbaya, majibu yote sita yalikuwa bado juu ya msumari, na Bwana Mganga aliyapanga mezani mstari mmoja.

"Mmoja wenu ni kipofu," alisema. "Dawa ya malale ina sumu. Nikimchoma mtu asiyeumwa, naharibu macho yake. Nisipomchoma mgonjwa, anakufa. Nimwamini nani?"

Ambrosi alisema hakuona kitu, na hawezi kuandika asichokiona. Mimi nilitoa maneno ya Mzee Feruzi, kwamba asemaye yupo amemwona. Bwana Mganga akatikisa kichwa kukubali. Akaamuru sindano ya kwanza ipigwe mchana uleule na ya pili Alhamisi. Ambrosi aliondolewa kwenye darubini. Angepelekwa zahanati ya porini kuosha vidonda, na barua yake ya uhamisho ingetiwa sahihi Jumatano.

Ambrosi alirudi chumbani, akaikunja hariri, akaiweka mezani upande wangu. Nilifurahi. Sitawaficha, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Jumapili nilitoka kanisani na kofia yangu kichwani, nikapita hospitali kumwona mgonjwa. Miaka yote ile sikuwahi kwenda kumtazama hata mmoja, lakini huyu alikuwa amenipa ushindi na nilitaka kumjua uso. Dresa wa wodi ya wanaume alikuwa Salum, mtu wa Tanga aliyekuwa nasi miezi michache tu. Akanifungulia kitabu cha wodi. Namba arobaini na moja: Kulwa, wa Usinge.

Mtoto yeyote wa Unyamwezi akisikia jina Kulwa huuliza Doto yuko wapi, maana pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto. Salum hakulijua hilo, wala Ambrosi wa Morogoro, na Bwana Mganga ndiyo usiseme. Kwetu sisi wa chumba cha darubini, mtu yule hakuwahi kuwa na jina lolote.

Nilitoka hadi barazani. Mwanamume wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi akisokota kamba ya kuning'inizia mizinga, kibati kikining'inia shingoni. Nyuma yake, mkekani, amelala mwingine. Uso ulikuwa uleule, isipokuwa wa huyu aliyelala ulikuwa umevimba na kuchoka.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu wa kamba.

"Mwangaluka. Wewe ndiye Kulwa?"

"Mimi Doto. Kulwa ni huyu aliyelala. Leo kibati ni zamu yangu."

"Zamu gani?"

"Tunapokezana," alisema, na alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo Mnyamwezi mwenzake hakupaswa kuliuliza. "Linalompata mmoja limpate na mwenzake, ndivyo mama alivyotulea. Mmoja akinunuliwa nguo, na mwingine ananunuliwa. Tulimwomba yule dresa atuandike wawili, akasema asiyeumwa haandikwi. Basi siku moja kidole chake, siku moja changu."

"Na sindano?"

"Na sindano. Jana asubuhi kidole kilikuwa changu, mchana akavaa kibati yeye akachomwa, ndiyo maana leo ni zamu yangu; Alhamisi nachomwa mimi. Kule zahanati ya Usinge tulichomwa tatu tatu." Akafikicha jicho la kushoto. "Tangu hapo huku naona ukungu. Barua yao tulikuja nayo, tulimpa karani. Kwani kuna neno, baba?"

Nilikuwa nimeelewa yote. Kulwa alikuwa akipata nusu ya dawa yake, na Doto alikuwa akila sumu bila ugonjwa. Siku zangu zilikuwa siku za Kulwa, na siku za Ambrosi zilikuwa siku za Doto. Hatukuwa na kipofu katika chumba cha darubini. Ambrosi hakukosea hata mara moja.

"Hakuna neno," nikamwambia. "Mtaambiwa."

Njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu ya siku. Sindano ya Doto ni Alhamisi. Barua ya Ambrosi inatiwa sahihi Jumatano. Nikisema Alhamisi asubuhi na mapema, Doto hachomwi, Kulwa anapata dawa yake kamili, na Ambrosi ameshapewa safari. Bwana Mganga hakuwa na tabia ya kuchana barua aliyokwisha kuitia sahihi. Niliona mpango wangu hauna mtu atakayeumia, isipokuwa huyo mmoja niliyetaka aumie. Nilipita Gongoni nikitabasamu.

Jumatatu Ambrosi alikuwa akifunga vitabu vyake kwa kamba ya katani. Aliniomba nimwonyeshe kile kioo cha Ijumaa, ajifunze alikosea wapi. Nilimwekea. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kweli wapo," alisema polepole. "Tena wengi. Sasa mimi macho yangu yana nini?"

Nilijifanya natafuta chupa ya mafuta ya lenzi. Katika mambo yote ya kazi yangu, swali lile ndilo ninalolisikia mpaka leo nikikaa kimya, na alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe wala hakuwa ananiuliza mimi.

Jumanne nilipita wodini saa tano kwa shughuli nyingine. Doto alikuwa barazani, amebana pamba kwenye mkono.

"Wamewahisha," akaniambia.

Bwana Mganga alikuwa amepanga kusafiri kwenda Nzega Jumatano kabla ya adhuhuri, na kwa hiyo sindano zote za Alhamisi zilivutwa hadi Jumanne. Aliandika karatasi, karatasi ikachomwa msumarini, Salum akaambiwa. Chumba cha darubini hakikuambiwa. Kwa nini kiambiwe? Sisi kazi yetu ilikuwa vioo. Nilikuwa nimeyategemea mawasiliano ya hospitali ileile ambayo kwa miaka tisa nilikuwa nayacheka.

Nilikimbia hadi ofisini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniona nikilifanya, nikaeleza habari ya pacha huku nikihema. Bwana Mganga aliunyakua ule msumari, akavua karatasi zote hadi chini kabisa, na chini kabisa ilikuwapo barua ya zahanati ya Usinge, ina tundu la kutu katikati. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri: wako wawili, wanafanana sana, tafadhali hakikisheni nani mgonjwa.

Siku ileile kila mmoja alivalishwa kibati chake. Kulwa alikaa nasi miezi minne na kupanda treni ya Usinge kwa miguu yake. Jicho la kushoto la Doto lilififia kidogo kidogo, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa limezima. La kulia lilibaki. Kama ni ile sindano ya Jumanne iliyolimaliza, au zile tatu za mwanzo, hakuna darubini ya kunijibu, nami nimelitafuta jibu hilo mahali zaidi ya mia.

Hakuna aliyeuliza nilijua lini. Bwana Mganga alinipa mkono mbele ya wote, akasema macho kama yangu ni adimu. Barua ya Ambrosi haikutiwa sahihi. Ambrosi alinikumbatia pale mlangoni, koti lake lililopigwa pasi likakunjamana.

"Ndugu yangu, umeniokoa," alisema.

Kisha alichukua mkasi, akaikata hariri ya Mzee Feruzi katikati, akanipa nusu. Mmeniona nikiitumia hadi wiki yangu ya mwisho. Wengi mliniuliza kwa nini sinunui kitambaa kipya.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumsalimu Mzee Feruzi kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari za pacha. Ulijua siku gani?"

"Jumanne, mzee."

Alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Jumapili nilikuwa nimekaa mlangoni hapa," akasema. "Ulipita na kofia ya kanisani, unatoka upande wa hospitali, unacheka peke yako." Halafu akaniuliza kama mvua imeanza kunyesha upande wa Nzega, na hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Mnasema kwamba mimi ndiye niliyeleta desturi ya kwenda wodini kumtazama mgonjwa kabla ya kutazama damu yake, na kuandika jina kwenye kioo pamoja na namba. Mnasema ni mimi niliyeung'oa msumari wa karani. Ni kweli. Mnasema pia kwamba nilifanya hivyo kwa moyo mwema. Hapo ndipo niliponyamaza kila mara, na ndiyo sababu ya kuandika daftari hili. Shikeni desturi, lakini mjue ilikotoka. Jibu likipingana na jibu, kabla hujamtilia shaka mwenzako nenda kamwone mtu aliyetoa damu, ukaongee naye, umwambie unachokitafuta.

Kila mwaka asali ikishavunwa, Kulwa na Doto walikuja na treni na vibuyu viwili, kimoja changu na kimoja cha Ambrosi. Niliwauliza mara moja kwa nini wanaleta viwili. Kulwa akanijibu kwamba sisi tuko wawili kwa darubini moja, na anachopewa mmoja lazima apewe na mwingine. Nina aibu kusema kwamba hata hapo, kwa miaka kadhaa, Ambrosi akigeuka nilivinyanyua vibuyu vyote viwili kuona kipi kizito. Vilikuwa sawasawa.

Siku yangu ya mwisho kazini walikuja tena. Ambrosi, ambaye sasa ndiye mkuu wa chumba, alikuwa akimwonyesha Kulwa darubini mpya. Nilimvuta Doto kando.

"Jumapili ile uliniambia yote," nikasema. "Nikanyamaza, wakakuchoma. Kwa nini hujawahi kumwambia mtu?"

Alinigeuzia jicho lake zima.

"Nilijua una sababu, baba. Ninyi watu wa hospitali hamtuambii kila jambo. Sisi tunangoja." Akafikiri kidogo. "Sababu yenyewe ilikuwa nini?"

Nilifungua mdomo. Ambrosi alikuwa anacheka mle ndani, na Kulwa anacheka naye, na neno lililonitoka ni lile tulilolizoea sote.

"Utaambiwa."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akarudi kwa nduguye.

Daftari hili naliacha kwenye mtoto wa meza, chini ya kipande changu cha hariri. Ambrosi, najua utalisoma wewe kabla ya vijana. Doto hajui kusoma. Akija na asali mwaka huu, mkalishe, umsomee yote, na usiruke pale panapokuhusu wewe.